Kutoka Mpagazi hadi Mwajiriwa wa Msimu: Historia ya Majina ya Watu wa Kazi katika Njia ya Tabora

Mfasiri apewaye kitabu cha historia ya vijiji vya Ireland akitie katika Kiswahili hukwama mapema, tena hukwama katika neno ambalo mwandishi wa asili hulitaja kana kwamba halina uzito wowote. Ni jina la mtu aliyeajiriwa na mkulima kwa nusu mwaka, akalala katika nyumba au ghala la mkulima huyo, akala chakula chake, akalima na kukama ng'ombe wake, kisha akalipwa fedha mkononi muhula ulipokwisha. Mtu huyu hakuwa mtumwa, kwa kuwa muhula ulipokwisha aliweza kwenda zake. Hakuwa kibarua, kwa kuwa hakulipwa kwa siku. Hakuwa ndugu, ingawa alikula chungu kimoja na wenye nyumba. Je, tumwiteje?

Swali hili laweza kuonekana kuwa dogo, la kuwahusu wasomi wachache wa mambo ya Ulaya. Lakini mtu wa namna hiyo yuko pia katika historia yetu wenyewe, na yuko hata leo katika mashamba ya tumbaku ya Mkoa wa Tabora. Tena, tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za Tanzania, uteuzi wa jina la mtu wa kazi umekuwa na matokeo ya kweli: jina ndilo limwingizalo mtu katika kifungu cha sheria au limwachalo nje yake. Hivyo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wanahusika kwa pamoja.

Katika makala haya tutajaribu kuyafuata majina hayo katika njia kuu ya misafara ya zamani, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji. Tumeichagua njia hii kwa sababu karibu kila jina la mtu wa kazi tulilo nalo limepata kuipita, na mengi yalibadilika maana njiani.

Mpagazi na ujira wake

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya mwendo wa siku 134 kutoka pwani. Walikuta makazi ya wafanya biashara Waarabu na watu wa pwani katikati ya nchi ya Unyanyembe, yenye matembe makubwa, mashamba na maghala ya pembe za ndovu. Pembe hizo hazikuwa na njia ya kufika baharini ila mabegani mwa watu, kwani mbung'o na maradhi yaliwazuia wanyama wa mizigo. Mtu mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au zaidi, na pembe kubwa ilizidi hapo. Wachukuzi hawa walihesabika kwa makumi ya maelfu kila mwaka, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi.

Jina lao ni wapagazi. Latokana na kitenzi pagaa, yaani kuchukua mzigo begani, ambacho leo twakisikia zaidi katika umbo la kupagawa, mtu apandwapo na pepo. Kiswahili kilikuwa na majina mengine ya kazi hiyo: mchukuzi kwa jumla, na hamali kwa yule wa mjini na bandarini. Lakini mpagazi lilikuwa jina la njia ndefu, na lilikuwa jina la heshima. Burton aliandika kwamba Wanyamwezi waliihesabu kazi hiyo kuwa kipimo cha uanaume, na kwamba watoto wadogo walijizoeza kwa kubeba pembe ndogo mabegani. Usemi tuujuao sote, mzigo mzito mpe Mnyamwezi, leo hutumiwa kwa mzaha na mara nyingine kwa dharau. Asili yake ni sifa ya watu waliojua kazi ambayo wengine hawakuiweza.

Jambo la kutazamwa kwa makini ni kwamba mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu wa kuajiriwa katika maana kamili ya neno hilo. Alipatana ujira kabla ya kuondoka. Alipokea sehemu yake mbele, ambayo twaweza kuiita arbuni, na sehemu iliyobaki aliipata mwisho wa safari. Malipo yalikuwa nguo za merikani na kaniki, zikipimwa kwa shuka na doti, au ushanga na waya wa shaba. Njiani alipewa posho ya kila siku, kwa kawaida kibaba cha nafaka au nguo ya kununulia chakula. Wapagazi walikwenda kwa makundi, kila kundi na mnyampara wake, na mbele yao kirangozi aliyeijua njia. Mnyampara katika nchi ya Unyamwezi alikuwa mzee mwenye cheo, msemaji wa watu. Posho ilipopunguzwa, au mwendo ulipozidi nguvu, wapagazi walitua mizigo wakakataa kuendelea mpaka maneno yasikilizwe. Mwajiri aliyewadharau aliamka asubuhi akakuta mizigo iko na watu hawako.

Nguvu ya watu hawa yaonekana katika kisa cha David Livingstone. Henry Morton Stanley alipoachana naye mwezi Machi 1872 karibu na Tabora, Livingstone alibaki Kwihara akingoja hadi mwezi Agosti. Hakuwa mgonjwa tu wala hakukosa vitu; alikuwa akingoja watu 57 walioajiriwa pwani na kutumwa kwake. Bila hao safari haikuweza kuondoka.

Hata hivyo tusiipambe historia. Mpaka kati ya aliyeajiriwa na aliyefungwa ulikuwa mwembamba. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira, ameeleza katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili jinsi wapagazi wa Uzaramo walivyomtoroka, na jinsi alivyowafuata vijijini mwao akawakamata na kuwatia minyororo. Mtu aliyepokea arbuni akiwa huru aliweza kumaliza safari shingo yake imefungwa. Jina lake lilibaki lile lile, mpagazi.

Mtume, mtumwa, mtumishi

Wakati Mnyamwezi alipokuwa njiani miezi mingi, nani aliyelima shamba lake? Hapa historia ya Tabora inatufundisha jambo lenye uchungu. Sehemu ya mashamba ililimwa na wake na jamaa waliobaki nyumbani, na sehemu nyingine ililimwa na watumwa, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka magharibi ya Ziwa Tanganyika. Waarabu wa Tabora walilimisha mpunga, ngano na vitunguu kwa watumwa, na Wanyamwezi waliopata mali ya safari walinunua watumwa pia. Basi nchi iliyotoa watu wa kuajiriwa kwa barabara ilipokea watu wa kununuliwa kwa shamba. Ujira wa mpagazi huru uligeuka kuwa bei ya mtumwa.

Kiswahili cha wakati huo kilikuwa na majina mengi kwa hali hii, kwa kuwa kilikuwa na haja nayo. Mtwana alikuwa mtumwa mwanamume, na kijakazi mwanamke. Mjinga alikuwa mtumwa mpya ambaye hajajua lugha wala desturi, na mzalia yule aliyezaliwa katika utumwa huko huko. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ameyaeleza mengi ya majina hayo akiwa mtu aliyeyasikia kila siku. Mwalimu amwitaye mwanafunzi wake mjinga leo hakumbuki kwamba neno hilo lilipata kuwa daraja la mtu sokoni.

Lakini neno linalotuhusu zaidi ni mtumwa lenyewe. Latokana na kutuma. Mtumwa ni mtu atumwaye, asiye na safari yake mwenyewe. Shina hilo hilo limetupa mtume, aliyetumwa na Mungu, na kwa njia ya kutumika na kutumikia limetupa mtumishi. Maneno haya matatu ni ndugu wa tumbo moja: mmoja akapanda juu kabisa, mmoja akashuka chini kabisa, na wa tatu akabaki katikati akiitwa huku na huku. Kwa sababu hiyo mtumishi ni neno lenye mipaka iliyolegea. Ni mtumishi mhubiri kanisani, ni mtumishi karani wa serikali, ni mtumishi msichana anayefua nguo katika nyumba ya watu. Msomaji wetu aliye mtumishi wa umma anatumia jina moja na mtu aliyelala ghalani.

Utumwa haukwisha kwa siku moja. Zanzibar ilifunga soko la watumwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria mwaka 1897. Huku bara, serikali ya Wajerumani haikuufuta. Iliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na ikatoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja aliyekombolewa. Ni mwaka 1922, chini ya Waingereza, utumwa ulipopigwa marufuku kabisa Tanganyika.

Mwaka uliofuata, 1923, serikali hiyo hiyo ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Mtumwa akaondoka katika daftari la sheria, mtumishi akaingia. Lakini mtumishi huyo akitoroka kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kushtakiwa kama mhalifu na kufungwa. Sheria ya namna hiyo ilikuwa imetumika kwa karne nyingi Uingereza na Ireland juu ya watumishi wa mashamba, na huko adhabu ya jela kwa kuvunja mkataba ilikuwa imeondolewa mwaka 1875. Yaani sheria ambayo mkulima wa Ulaya alikuwa amenyang'anywa, mkulima wa Ulaya aliyehamia Tanganyika aliikuta inamngoja. Mfasiri akumbuke basi kwamba neno mtumishi katika hati za Tanganyika za wakati huo lina makali ambayo halina katika mazungumzo ya leo.

Barua ndogo

Kibarua ni jina lililotoka pwani likaenda bara. Maana yake ya asili ni barua ndogo. Katika karne ya 19 watu wa kazi za siku mjini Zanzibar na katika miji ya pwani walipewa kijikaratasi au cheti cha kuonyesha kazi waliyofanya, na kwa cheti hicho wakalipwa. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kwenda kujipatia ujira, kisha wakaugawa na bwana. Baadaye jina la karatasi likashika mwenye kuichukua, na mwisho likashika kazi yenyewe. Leo twasema mtu amepata kibarua, na akifukuzwa twasema kibarua chake kimeota nyasi.

Safari ya neno hili ina funzo. Kibarua lilianza likiwa ushahidi wa deni la mwajiri: mwenye karatasi alikuwa na haki ya kulipwa, na karatasi ilisema hivyo. Siku hizi likitamkwa humaanisha mtu asiye na karatasi yoyote. Mwajiri asemapo kwamba fulani ni kibarua tu, kusudi lake mara nyingi ni kueleza kwamba hana mkataba, hana likizo na hana la kudai. Neno limegeuka likatazama upande wa pili.

Tuliweke kando yake neno mshahara. Latokana na Kiarabu, nalo lilikuwa na maana ya malipo ya mwezi. Ujira, pamoja na ajiri, ajira, mwajiri na mwajiriwa, ni ya shina jingine la Kiarabu lihusulo malipo ya kazi bila kutaja muda. Kwa hiyo anayesema mshahara wa siku anagongana na asili ya neno, ingawa mazoea yamekwisha kulikubali. Katika hati za sheria ni afadhali ujira utumike kwa malipo yoyote ya kazi, na mshahara ubaki kwa malipo ya mwezi.

Kodi, reli na namba

Isike, mtemi wa Unyanyembe, alikufa mwezi Januari 1893 katika boma lake lililovamiwa na Wajerumani, baada ya kukataa kuchukuliwa hai. Miaka michache baadaye serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, kwa amri ya mwaka 1897. Kiswahili kina neno moja kwa kodi itozwayo na serikali na kwa kukodi, yaani kutwaa kitu kwa malipo ya muda. Sadfa hiyo ya lugha ilikuwa kweli katika maisha: ili mtu alipe kodi ilimlazimu ajikodishe.

Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya mpagazi wa njia kuu ikafa katika muda huo mfupi. Ilifufuka kwa namna mbaya katika vita ya 1914 hadi 1918, wakati majeshi ya pande zote mbili yalipowashika wanaume kwa nguvu kuchukua mizigo, na wengi sana wakafa kwa njaa na maradhi. Kikosi cha wachukuzi wa Waingereza kimetuachia jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam. Mpagazi aliyekuwa akipatana ujira wake alikuwa amekuwa mtu wa kukamatwa.

Baada ya hapo barabara iligeuka. Zamani Mnyamwezi alikwenda pwani akiwa na mzigo wa tajiri na mnyampara wake mwenyewe. Sasa alikwenda na treni, yeye mwenyewe akiwa ndiye mzigo, kuelekea mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe na Morogoro. Mkonge ulikuwa umeingizwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya wafanya kazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo iliandika watu wengi wa Jimbo la Magharibi, Wanyamwezi na Waha miongoni mwao. Watu hao waliitwa manamba, kutokana na namba waliyopewa kila mmoja wakati wa kuandikwa. Kwenda manamba kukawa sehemu ya maisha ya vijana, kama kwenda pwani kulivyokuwa kwa babu zao, lakini bila ile sifa.

Pamoja na namba kulikuwa na kipande. Neno hilo lamaanisha sehemu ya kitu, nalo lilitumika kwa kadi ya kazi ya siku 30. Mtu alilipwa kadi ilipojaa, na siku aliyougua au aliyoshindwa kumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. Hivyo mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni, na mshahara, malipo ya mwezi, ulimngoja mtu hadi mwezi huo wa karatasi uandame. Na yule mnyampara, mzee na msemaji wa wapagazi, alikuwa sasa ni mnyapara, msimamizi aliyewekwa na bwana shamba juu ya wafanya kazi. Baadaye neno lilikwenda mpaka gerezani. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa neno lililohama kutoka upande wa watu likaenda upande wa fimbo.

Jina la manamba halikubaki shambani. Liligeuka tusi kwa mtu mchafu au mshamba. Huko Ireland mambo yalikuwa hivyo hivyo. Neno la Kiireland spailpín, jina la mtu aliyetembea kutafuta kazi ya msimu, lilipoingia katika Kiingereza liligeuka kuwa jina la mtu mhuni. Wale wa nusu mwaka waliajiriwa katika magulio yaliyofanyika mwezi Mei na Novemba katika miji kama Strabane, Letterkenny na Derry. Mkulima aliwatazama, akawauliza, wakapatana, akampa arbuni aliyemchagua. Wengine walikuwa watoto. Micí Mac Gabhann, ambaye kitabu chake Rotha Mór an tSaoil kilitolewa mwaka 1959, ameeleza jinsi alivyoajiriwa Letterkenny akiwa mtoto mdogo. Desturi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1930. Mtumishi wa shamba huko aliitwa kijana hata akiwa na mvi, kama vile huku kwetu mwanamume mzima mwenye wajukuu alivyoitwa boi. Neno hilo la boi limo hata leo katika kinywa cha watu, likiwa na shamba mbele yake: shamba boi.

Mashamba ya tumbaku

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba mtu asiishi kwa jasho la mwenziwe, na maandishi ya Mwalimu Nyerere juu ya ujamaa vijijini ya mwaka huo huo yalionya kwamba vijiji vyaweza kugawanyika kuwa vya waajiri na vibarua. Katika miaka iliyofuata mfanyakazi likawa jina la heshima na boi likawa jina la aibu. Lakini aibu ya neno haikuondoa haja ya watu wa kazi.

Urambo, iliyokuwa makao ya Mirambo hadi alipofariki mwaka 1884, ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951. Baada ya karanga ilikuja tumbaku, ambayo imeenea Urambo, Kaliua na Sikonge. Tumbaku ya mvuke ni zao lenye kazi nyingi: kuotesha miche vitaluni, kulima matuta, kukata kuni, kujenga mabani ya kukaushia, kuchuma jani baada ya jani, kupanga madaraja. Familia moja haiwezi kuimaliza kazi hiyo ikiwa shamba ni kubwa. Basi mkulima huchukua watu, wengi wao kutoka Mkoa wa Kigoma na nchi ya Burundi, akawapa pahali pa kulala na chakula, na kuwalipa tumbaku ikisha kuuzwa.

Huyu ndiye mtu wetu wa Ireland. Analala kwa mkulima, anakula kwa mkulima, anafanya kazi msimu mzima na kungoja malipo ya mwisho. Hatari zake pia ni zile zile. Soko likichelewa, naye anachelewa. Bei ikianguka, mkulima huona urahisi wa kupunguza ujira uliopatanwa kwa mdomo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema nini apewe siku ya kuvuna. Miongoni mwao wamepata kuwamo watoto, na ndiyo maana Shirika la Kazi Duniani lilifanya uchunguzi juu ya kazi za watoto katika tumbaku ya Urambo.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipotungwa, ilisema kwamba aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo ya malipo, kisha ikaongeza kwamba mwajiriwa wa msimu anayo. Tazama basi uzito wa jina. Mtu aliyefanya kazi miezi mitano katika bani la tumbaku akiandikwa katika taarifa ya wilaya kuwa ni kibarua, msomaji wa taarifa atamhesabu kuwa mtu wa siku. Akiandikwa kuwa ni mwajiriwa wa msimu, kifungu cha sheria kinamtambua. Kazi ni ile ile, jasho ni lile lile, na tofauti imo katika kalamu ya karani.

Mapendekezo

Kwa kuyazingatia haya, tunapendekeza matumizi yafuatayo kwa wafasiri, walimu na maofisa wa serikali.

Kwanza, mtumwa, mtwana na kijakazi yatumike kwa watu waliomilikiwa tu. Asiitwe mtumwa mtu aliyeajiriwa vibaya, kwa maana tukifanya hivyo tutakosa neno kwa yule aliyenunuliwa.

Pili, mtumishi wa shamba liwe jina la kihistoria kwa mtu aliyeajiriwa kwa muhula na kukaa kwa mkulima, kama wale wa Ireland. Mtumishi linafaa hapa kwa sababu lina ile hali ya kukaa chini ya paa la bwana, na kwa sababu ndilo lililotumika katika sheria za wakati huo.

Tatu, mwajiriwa wa msimu litumike katika sheria, mikataba na taarifa za serikali kwa mtu wa namna hiyo leo. Kibarua libaki kwa mtu wa kazi na malipo ya siku.

Nne, mpagazi, manamba, kipande na boi yatumike katika maandishi ya historia pamoja na maelezo mafupi mara ya kwanza. Yasisanifiwe upya kwa mambo ya leo, wala yasifutwe katika vitabu vya shule kwa kuona haya. Mwanafunzi akilikosa neno manamba hataelewa babu yake alikwenda wapi.

Tano, soko la kuajiriana la Ireland liitwe gulio la ajira. Asitokee mfasiri akaliita mnada wa watumishi, kwa kuwa mnada ni kuuza, na mtu wa gulio hilo aliuza kazi yake ya miezi sita, hakujiuza mwenyewe. Fedha ya kufunga mapatano iitwe arbuni.

Yapo pia maneno ambayo hatuwezi kuyapendekeza kutoka mezani kwetu. Watu wa tumbaku wana majina yao kwa kazi zao, kwa mapatano yao na kwa mwajiri asiyelipa. Baadhi yatakuwa ya Kinyamwezi, mengine ya Kiha na Kirundi. Unyamwezi ulikwisha kutupa mnyampara, nasi tukaliacha liharibike. Tunawaomba walimu na maofisa ugani walioko Urambo, Kaliua na Sikonge wayaandike majina hayo kama yanavyosemwa, pamoja na maana zake na jina la mahali, na kuyaleta kwetu ili yapimwe kabla orodha ya istilahi za kilimo na kazi haijakamilishwa. Mwenye kuubeba mzigo ana haki ya kusikilizwa anapoutaja kwa jina.